Mgongo wa Mkunga

Kituo chetu cha afya kilijengwa na watu wawili ambao nina hakika hawakuwahi kuzungumza. Wa kwanza aliweka wodi ya wazazi chini, karibu na barabara, ili akina mama wanaoletwa na bodaboda kutoka vijiji vya juu wasipate taabu ya kupanda. Alifikiri vizuri. Wa pili alikuja miaka mingi baadaye na fedha za jengo la upasuaji. Alihitaji mahali tambarare, na huku kwenye milima ya Uluguru tambarare haiokotwi tu, kwa hiyo akaipata juu kabisa, nyuma ya matangi ya maji. Naye, kwa upande wake, alifikiri vizuri. Kati ya mawazo hayo mawili mazuri kikabaki kipande cha mlima, na mama akishindwa kujifungua kwa njia ya kawaida, sisi ndio tuliompandisha.

Tulimpandisha kwa machela ya kubeba kwa mikono. Ile ya magurudumu ilikuwepo, mpya, inang'aa, lakini gurudumu halipandi ngazi za udongo. Ngazi zenyewe zilikatwa kwa jembe na kuzuiliwa kwa vipande vya mbao. Kila masika mbao zilioza zikaondoka na maji, tukabaki na utelezi mwekundu.

Mimi nilihamishiwa pale nikitokea Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni tuta la mfereji. Wiki yangu ya kwanza niliona wenzangu wanne wamembeba mama mwenye uchungu, wanapanda huku wanahema na kuelekezana, "Kushoto, kushoto, shusha kidogo," nikacheka. Nilidhani ni dharura ya siku ile. Mkunga aliyeshika kona ya nyuma aliniona.

"Cheka sasa hivi, mdogo wangu," aliniambia bila kusimama. "Kesho kona hii ni yako."

Haikuwa yangu, kwa sababu hakuiachia. Alikuwa mtu mzima, wa umri wa mama yangu mdogo, mzaliwa wa huko huko mlimani, na lafudhi yake ya Kiluguru ilizidi kila alipokasirika. Alikasirika mara nyingi. Sote tulimwita Dada Mkubwa. Wanaume waliokuja wamejificha nyuma ya mama zao aliwavuta mbele: "Mwenye mke ni nani hapa? Njoo ubebe beseni." Lakini akimwinamia mama mwenye uchungu sauti yake ilishuka, ikawa kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, na mimi niliyesomea chuo nilijifunza ukunga kwa kuisikiliza sauti ile. Kona ya nyuma ndiyo nzito kuliko zote mnapopanda. Aliishika yeye, alisema, kwa sababu sisi wengine tulikuwa na mikono ya kushika simu.

Msidhani tulinyamaza. Tulilalamika katika kila kikao cha wafanyakazi. Tatizo ni kwamba ajenda zilikuwa na mpangilio wake: kufungua kikao, kusoma muhtasari, yatokanayo, mahudhurio kazini, usafi, takwimu za mwezi, na mwisho kabisa Mengineyo. Usalama wetu ulikuwa Mengineyo. Tukifika hapo chai imekwisha, nusu ya watu wanaangalia saa, na mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa kituo, anasema neno ambalo hadi leo nikilisikia redioni nazima redio.

"Hiyo ni changamoto. Tumeipokea. Tutaifanyia kazi."

Alikuwa kijana, amemaliza masomo si zamani, ana adabu, anaamkia kila mtu mzima, na alikuwa akiniudhi kuliko maelezo. Changamoto aliipokea kama mtu anavyopokea mgeni asiyemtaka: anamwacha barazani.

Basi masika moja, alasiri, mvua ikiwa imetulia kidogo na kubaki manyunyu, aliletwa mama ambaye mtoto wake alikuwa amejilaza mkingamo tumboni. Hapakuwa na mjadala, ilikuwa ni upasuaji na upesi. Daktari na watu wa usingizi walikuwa tayari juu. Chini tulikuwa mimi, Dada Mkubwa na mhudumu mmoja. Kona ya nne tulimpa mume wa yule mama, mkulima wa ndizi, aliyekuwa anatetemeka kuliko mkewe.

Tulikuwa tumekaribia juu ubao ulipong'oka chini ya mguu wa Dada Mkubwa. Nilihisi machela imeinama upande wake. Mama akapiga kelele, mume akapiga kelele zaidi. Nilipogeuka nilimwona Dada Mkubwa amepiga goti kwenye tope na ameingiza bega na kifua chini ya machela ili isipinduke. Aliguna mara moja tu. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza, akimwambia yule mama, "Tulia, mama, tulia, hujaanguka. Nimekushika."

Mlinzi alikuja mbio akapokea ile kona, tukaendelea. Dada Mkubwa tulimwacha pale. Unaweza kusema tulimtelekeza, lakini ningekuuliza ungefanya nini wewe. Mtoto alitoka akiwa hai, wa kike, mwenye hasira. Niliporudi chini nilimkuta mwenzangu amekaa kwenye tope vile vile, manyunyu yanamlowesha, mikono ameitupa pembeni.

"Mzima?" aliuliza.

"Mzima. Wa kike. Inuka twende."

"Usiniguse," alisema. "Usiniinue kabisa, mdogo wangu. Mgongo hauko mahali pake."

Gari la wagonjwa lilimteremsha mjini, kwenye ile barabara ya kona na makorongo, na kila shimo nililisikia mimi kwa niaba yake. Mjini wakampiga picha. Moja ya pingili za uti wa mgongo ilikuwa imebana mshipa wa fahamu. Wakampa dawa, wakamwambia alale mahali pagumu na asiinue kitu.

Asubuhi yake nilikwenda kutoa taarifa kwa mfawidhi. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Alikuwa amevaa viatu gani?" aliuliza.

Nilimwangalia. Nilihisi ulimi unakuwa mzito kwa sababu ya mambo mengi kutaka kutoka kwa pamoja. Mabuti ya mpira tuliyaomba mpaka tukasahau kwamba tuliyaomba. Alikuwa amevaa makubazi ya plastiki, kama sisi sote.

"Vya kwake, daktari," nilisema. "Alivaa viatu vyake mwenyewe."

Nikatoka kabla sijasema la kunifukuzisha kazi.

Siku zilizofuata tuligombana sisi kwa sisi, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Wauguzi walisema watu wa maabara hawabebi. Watu wa maabara wakasema hawakuajiriwa kubeba. Wahudumu wakasema wao ndio hubeba kila siku ila hakuna anayewaona mpaka aanguke mtu mwenye cheo. Mmoja wetu akatoa wazo: tusibebe tena. Tukae chini, machela ikae chini, mpaka njia itengenezwe. Chumba kizima kikashangilia, na mimi nilishangilia. Halafu mkunga mmoja, aliyekuwa hajasema kitu, akauliza kwa upole, "Na mama akija leo jioni?" Hatukuwa na jibu, na kila mtu aliyekuwa juu yetu alijua hatuna jibu. Walikuwa wameijenga njia ile kwa huruma yetu, ambayo haiombi saruji.

Mwisho wa wiki nilimtembelea Dada Mkubwa mjini, mtaa wa Kihonda, kwa binti yake. Alikuwa amelala sakafuni juu ya mkeka, mito miwili chini ya magoti, na pembeni yake chupa za mafuta ya kuchua zimepangwa kama duka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usiniambie umeleta mafuta."

Nilikuwa nimeleta mafuta. Nikayaacha ndani ya mkoba.

Nilimwambia nilichodhani ni habari njema: mfawidhi ameamua kumpendekeza awe mfanyakazi bora wa mwaka. Atapewa cheti mbele ya watu, na kitenge.

Alianza kucheka, na kucheka kukamuumiza, akashika kiuno huku machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au ya maumivu.

"Cheti," alisema. "Nikitundike wapi? Mwambie sitaki mtu aniite shujaa. Shujaa ni mtu aliyeachwa peke yake. Mwambie nataka kukaa naye mezani, yeye na hao wanaomtuma, na nyie wote mkiwepo. Nataka tuongee."

"Tumeongea miaka, dada."

"Tumelalamika miaka. Nani amewahi kukaa upande ule wa meza akalazimika kutujibu?"

Katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi, ambaye mpaka hapo nilimfahamu kama mtu wa kugawa fulana za Mei Mosi, alinishangaza. Nilimpigia simu nikiwa tayari nimekasirika, nikijua atasema ameipokea. Badala yake aliniambia kwamba sheria inataka mahali pa kazi kama petu pawe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa mwajiri. Akauliza yetu iko wapi. Niliulizia kituoni. Kumbe ilikuwepo. Ilikuwa na wajumbe, mmoja wao alishastaafu na mwingine alishafariki.

Tukachagua wapya. Tukaandika barua kwenda halmashauri, tukakumbusha, tukakumbusha tena. Walipanga siku, wakaiahirisha. Wakapanga nyingine, gari likakosa mafuta. Nilianza kuota kwamba nasubiri kikao. Mwishowe alikuja afisa utumishi wa halmashauri, mama mmoja nadhifu, mwenye sauti ya kupumzisha watu. Alikuja pia mwenyekiti wa kamati ya wananchi ya kituo, bibi mkulima wa tangawizi, ambaye wajukuu zake wengi walizaliwa mikononi mwa Dada Mkubwa. Tulikaa katika chumba cha chanjo, chini ya mabango ya watoto wanaotabasamu.

Dada Mkubwa alikuja kwa bajaji hadi mwisho wa lami, kisha kwa gari la wagonjwa. Aliingia na mkongojo, akasalimia, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Karibu uketi, mama," alisema afisa.

"Nikiketi siinuki. Endeleeni tu."

Afisa akafungua kikao. Alishukuru, akapongeza, akasema serikali inawathamini watumishi wa afya. Kila alipoinua macho alimwona yule mtu mzima amesimama, ameegemea mkongojo, jasho limemtoka puani. Alipofika kwenye neno changamoto alikwama.

"Mama, tafadhali, tukutafutie hata kitanda."

"Sitaki kitanda. Sema, mwanangu. Changamoto ni nini?"

Hapakuwa na dharau katika swali lile. Alitaka kujua. Afisa akafunga faili lake, akasema kwa sauti nyingine, ya kawaida zaidi, "Basi niambieni nyie."

Tukamwambia. Tulisema vibaya, kwa kupokezana na kukatizana. Mhudumu mmoja alionyesha bega lake. Mimi nilipandisha sauti nikaambiwa niishushe, nikaipandisha tena. Na katikati ya ghasia ile nilisema jambo nililokuwa nimelikalia tangu siku ya viatu: kwamba mfawidhi wetu hajawahi kutupigania hata siku moja.

Yule kijana aliinua kichwa. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nimeomba," alisema. "Nimeomba njia ya zege kila bajeti. Naambiwa niwe mbunifu. Nikaomba angalau leba ihamie juu, kwenye kile chumba kilicho ubavuni mwa upasuaji. Sijajibiwa."

"Chumba gani?" nikauliza.

"Stoo."

Sote tuliijua ile stoo. Mlango wenye kufuli, ukuta kwa ukuta na chumba cha upasuaji. Tulipita mbele yake kila tulipopandisha machela. Tulidhani ina mitungi au majenereta.

"Kuna nini ndani?" aliuliza bibi mwenyekiti.

"Samani chakavu," alijibu mfawidhi. "Viti vilivyovunjika, vitanda vibovu, meza. Ni mali ya serikali. Haviwezi kutolewa mpaka viidhinishwe kufutwa. Kibali kinatoka halmashauri."

"Kwa nini hukutuambia?" nilimuuliza.

"Ningewaambia nini, sista? Kwamba mimi mfawidhi nimenyimwa ufunguo wa stoo?"

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Miaka yote hiyo tulikuwa tumemkasirikia yeye, naye alikuwa anaona aibu, na ile aibu yake ndiyo tuliyoifikiri ni dharau. Na mwanamke mmoja alikuwa amepinda mgongo kwa ajili ya viti vilivyovunjika.

Dada Mkubwa alimgeukia afisa polepole, mwili mzima, maana shingo peke yake ilikuwa haigeuki. "Kibali hicho anatoa nani?"

Afisa alikuwa anaangalia meza. Sitamsahau kwa alichosema, kwa sababu angeweza kusema mchakato unaendelea, na sote tungeandika hivyo.

"Kinaanzia kamati ambayo mimi ni katibu wake," alisema. "Haijakaa muda mrefu."

"Basi kaeni," alisema bibi mwenyekiti. "Sisi hapa si tumekaa?"

Wakacheka watu wachache, naye afisa akacheka kwa kuchoka. Halafu tukaongea hasa. Afisa alisema kufuta mali kuna sheria yake na hawezi kuiruka. Mfawidhi akauliza kama kuhamisha ni sawa na kufuta. Afisa akafikiri, akasema kuhamisha si kufuta. Tukabishana viti vihamie wapi. Bibi mwenyekiti akasema wananchi watajenga kibanda cha mabati nyuma ya matangi, ila simenti ya sakafu itoke kituoni. Mfawidhi akakubali mabuti ya mpira yanunuliwe kabla ya rangi ya geti, ambayo ilikuwa imeshapangwa kwa ajili ya ugeni fulani. Watu wa maabara wakakubali kushika kona siku ambazo zamu ina watu pungufu, wakadai nao waandikwe kwenye zamu ili wasiitwe kama watu wa kusaidia tu. Tuliandika kwamba machela haiondoki chini bila watu wanne wa kituo, na kwamba ndugu wa mgonjwa si mtu wa nne.

Dada Mkubwa hakupata alichokitaka zaidi, njia ya zege. Aliambiwa bajeti ijayo. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeahidiwa mvua.

Stoo ilifunguliwa baada ya mvutano mwingine ambao sitausimulia, maana nitapandwa na presha. Ndani mlikuwa na viti vya mbao visivyo na miguu, popo, na kitanda cha kujifungulia kizima kabisa, chenye kutu kidogo, ambacho mtu fulani wakati fulani alikiweka kwenye kundi lisilo lake. Tulikisugua tukakitumia. Leba ndogo ya juu ilianza kupokea akina mama wenye dalili za hatari kabla mambo hayajaharibika. Wanapanda taratibu kwa miguu yao, jua likiwepo, wakiegemea uzio wa miti ambao wanakijiji waliusimika. Machela bado hubebwa mara moja moja. Viti vibovu viko kwenye kibanda cha mabati, vinasubiri kibali.

Dada Mkubwa alirudi kazini, kwenye kliniki ya watoto. Anapima uzito, anachanja, anagombeza mama wanaochelewa. Hainui mtoto, mama ndiye anayemweka kwenye mzani. Mgongo wake haukupona. Siku za baridi, ukungu ukishuka mlimani, namwona anafanya kazi amesimama, mkono mmoja kiunoni, na simwulizi anavyojisikia kwa sababu najua atanijibu nini. Kile cheti walimpa hata hivyo. Kitenge alinigawia mimi, hakupenda rangi.

Na kikao tulikibakisha. Kila mwezi, wafanyakazi na uongozi, usalama ukiwa ajenda ya kwanza. Kuna miezi tulikuwa watu watatu na sahani ya karanga. Kuna mwezi tuligombana kuhusu glovu, kwamba zinaletwa za mikono mikubwa tu, tukatoka tumenuniana. Lakini sindano zilizotumika sasa zina sanduku kila chumba, na mhudumu anayefua mashuka hajachomwa tena.

Mfawidhi wetu wa miwani ameshahamishwa, amepelekwa huko Kisaki. Tulimuaga kwa pilau. Mpya amekuja juzi, mtu mzima kiasi, mwenye haraka. Katika kikao chake cha kwanza alichungulia mlangoni akatukuta tumekaa, akaangalia ajenda ukutani.

"Hiki ni kikao cha nini?" aliuliza. "Hizi changamoto si ziletwe tu kwenye Mengineyo?"

Nilisikia kichwa kinaniuma papo hapo. Nilimwona Dada Mkubwa, amesimama kwenye kona yake, amefumba macho kama mtu anayeomba subira. Basi nikainuka, nikamvutia kiti.

"Karibu, daktari," nilisema. "Kaa. Ni habari ndefu."